Kwa nini stenlesi hutoka madoa baada ya kuogeshwa asidi?

Fundi mmoja wa kuchomelea katika mji wa pwani, msikilizaji wetu wa siku nyingi, alitupigia simu akiwa na vifuniko 12 vya matangi ya maziwa ambavyo mteja wake amevikataa. Vyote ni vya chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi. Aliviogesha katika asidi nitriki kama mteja alivyoagiza, vikatoka vinang'aa. Siku ya tatu vikaanza kutoa vidoa vya kahawia pembeni mwa mshono wa kuchomelea. Akavirudisha kwenye asidi ileile na kuviacha kwa muda mrefu zaidi. Safari hii vilitoka vimefubaa, vya kijivu kama sufuria iliyopanguswa masizi nusunusu.

Swali lake lilikuwa fupi: je, nimeuziwa asidi mbovu?

Huenda asidi haikuwa na kosa. Kazi aliyoifanya huitwa pasivesheni, na madoa yanayotokea baada yake kwa kawaida hutokana na kitu kilichoitangulia asidi au kilichoifuata: mafuta, vumbi la chuma cha kawaida, rangi ya moto wa kuchomelea, au maji ya kusuuzia. Kuongeza asidi au kuongeza muda kabla ya kujua chanzo ni njia ya haraka ya kuharibu kazi ambayo bado ingeokolewa. Ndivyo ilivyomtokea fundi wetu.

Asidi inafanya nini hasa?

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5. Daraja la 304, linalotumika sana kwa vyombo vya chakula, lina kromiamu ya asilimia 18 hivi na nikeli ya asilimia 8. Kromiamu ikikutana na oksijeni hujenga utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Jicho haliuoni utando huo. Ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, mradi uso uwe safi na hewa ifike.

Jambo hili liliwashangaza wanasayansi kabla stenlesi haijakuwepo. Mwaka 1836 Christian Friedrich Schönbein, mkemia aliyekuwa akifundisha Basel nchini Uswisi, alimwandikia Michael Faraday wa London kuhusu ajabu moja. Chuma cha kawaida huchemka na kuyeyuka katika asidi nitriki iliyozimuliwa kwa maji, lakini katika asidi nitriki kali sana hutulia tuli. Faraday aliona kwamba huenda uso wa chuma umejifunika kwa oksidi. Stenlesi yenyewe ilikuja baadaye, mwaka 1913, Harry Brearley alipoyeyusha chuma chenye kromiamu nyingi mjini Sheffield, Uingereza.

Wengi hudhani pasivesheni ni kupaka kitu, kama bati linavyopakwa zinki. Sivyo. Asidi haipaki chochote. Inayeyusha chembe za chuma cha kawaida zilizoganda juu ya uso wakati wa kukata, kupinda na kusaga, kisha inauacha uso ukiwa na kromiamu ya kutosha kujenga utando wake. Kwa hiyo haiondoi mafuta, haiondoi rangi ya moto, haizibi mikwaruzo, na haiigeuzi stenlesi ya bei nafuu kuwa ya bei ghali.

Doa lina rangi gani, liko wapi, lilitokea lini?

Kabla ya kugusa chochote, fundi ajiulize maswali hayo matatu. Doa lililoonekana kipande kikitoka tu kwenye asidi lina historia tofauti na lile lililojitokeza baada ya siku tatu. Doa lililofuata mshono si ndugu wa doa lililotapakaa uso mzima.

Tuanze na kahawia au rangi ya machungwa, kwa kuwa ndiyo malalamiko ya kawaida. Vidoa vidogo vinavyotokea baada ya saa kadhaa au siku chache, vikiwa vimetawanyika kama vipele, mara nyingi ni kutu ya chuma kigeni. Stenlesi yenyewe haijaoza. Kilichooza ni vumbi la chuma cha kawaida lililokandamizwa juu yake. Vyanzo vyake vimejaa katika karakana zetu: diski ya grenda iliyotumika jana kusaga geti la chuma cha kawaida na leo inasaga stenlesi, brashi ya waya wa chuma cheusi, meza ya chuma isiyofunikwa, mnyororo wa kunyanyulia, cheche za jirani anayekata nondo mita mbili kutoka hapo. Hata maji ya kusuuzia yanaweza kuleta chembe hizo yakipita kwenye bomba kuukuu lililoshika kutu ndani.

Kwa nini asidi haikuyeyusha vumbi hilo? Sababu kubwa ni mafuta. Asidi haiwezi kufika penye mafuta ya kukatia, grisi, alama za vidole au gundi ya ile karatasi ya plastiki inayolinda bati jipya. Mafundi wa miaka mingi huruka hatua hii wakiamini kwamba asidi inakula kila kitu. Haili mafuta. Kipande kioshwe kwanza kwa sabuni kali ya kuondoa grisi na maji ya moto, kisha kijaribiwe kwa macho: mwagia maji safi utazame. Maji yakitandaa kama shuka moja, uso ni safi. Yakijikusanya matone kama kwenye jani la myugwa, bado kuna mafuta. Ni jaribio la dakika moja, na kwa maoni yetu hakuna hatua nyingine inayookoa kazi nyingi kuliko hii.

Kahawia inayofuata mshono wa kuchomelea ni habari nyingine. Moto wa kuchomelea huacha pembeni mwa mshono mistari ya rangi: manjano hafifu, kahawia, zambarau, bluu. Wapo wanaoipenda kama pambo. Rangi hiyo ni oksidi nene iliyojengwa kwa kromiamu iliyovutwa kutoka chumani, na chini yake hubaki tabaka jembamba lenye upungufu wa kromiamu. Hapo ndipo kutu huanzia. Asidi nitriki ya pasivesheni haina nguvu ya kuliondoa tabaka hilo, na asidi sitriki pia haina. Linatakiwa kuondolewa kwanza, ama kwa diski au kitambaa cha kusagia ambacho hakijawahi kugusa chuma cha kawaida, ama kwa dawa maalumu ya kulia mishono yenye asidi haidrofloriki.

Hapa tuseme wazi. Dawa hiyo hupenya ngozi, hushika kalsiamu ya mwilini na inaweza kuua hata kama jeraha linaonekana dogo, na maumivu huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Karakana isiyo na glavu zinazofaa, kinga ya uso, maji mengi ya bomba na jeli ya kalsiamu glukoneti karibu isiiguse kabisa. Kusaga kwa mkono kunachukua muda, lakini hakumpeleki mtu hospitali.

Kijivu na cheusi

Vifuniko vilivyotoka vya kijivu ndivyo vilivyotusumbua zaidi, kwa sababu hapo chuma chenyewe kilikuwa kimeliwa. Utando uliposhindwa kusimama, asidi ilishambulia uso wote kwa pamoja na kuacha mparuzo wa giza. Hali hii hutokea ghafla, wakati mwingine ndani ya dakika chache, na mara nyingi chanzo ni kloridi, yaani ile sehemu ya chumvi inayovunja utando wa kromiamu.

Tulimuuliza fundi wetu pipa lake la plastiki lilikuwa na nini zamani. Akafikiri kidogo. Lilikuwa la asidi ya kusafishia vigae na vyoo. Hiyo ni asidi haidrokloriki, kloridi tupu. Alilisuuza mara moja. Na maji aliyozimulia asidi? Ya kisima kirefu cha uani, ambayo nyumbani kwake hawayanywi kwa sababu yana chumvi.

Maji peke yake yangetosha kutia wasiwasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kloridi ikizidi takriban miligramu 250 kwa lita, ulimi huanza kuihisi. Mwongozo wa wazalishaji wa stenlesi hupendekeza maji ya kuchanganyia asidi yawe na kloridi chini ya miligramu 50 hivi kwa lita. Maji ya bahari yana takriban 19,000. Visima vingi karibu na fukwe za Dar es Salaam na Mombasa vimeingiliwa na maji ya bahari, kwa hiyo fundi wa pwani ana tatizo ambalo mwenzake wa bara huenda asikutane nalo. Maji yenye ladha ya chumvi yasitumike kuchanganyia asidi wala kusuuzia mara ya mwisho. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi ni bora kuliko hayo. Yaliyotoneshwa ni bora zaidi, lakini usiagize dukani "maji ya betri" bila kusoma chupa: mitaani jina hilo hutumika pia kwa asidi salfuriki ya betri.

Ipo sababu nyingine ya kijivu inayokwenda kinyume na akili ya kawaida. Fundi anapoogopa kuunguza kazi hupunguza asidi, akidhani nyepesi ni salama. Kwa asidi nitriki mambo ni kama alivyoona Schönbein: ikiwa nyepesi mno haina nguvu ya kujenga utando, inabaki na nguvu ya kula tu. Kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM A967 kinataja asidi nitriki ya asilimia 20 hadi 45 kwa ujazo, katika joto la nyuzi 21 hadi 32 za Selsiasi, kwa angalau dakika 30. Ikipashwa hadi nyuzi 49 hadi 60, asilimia 20 hadi 25 inatosha kwa dakika 20. Asidi iliyotumika mara nyingi huwa imejaa chuma kilichoyeyuka na imepungua nguvu. Kuitumia tena ni kukiogesha kipande katika taka za vipande vilivyotangulia.

Madaraja nayo hayafanani. Stenlesi ya visu na shafti, kama 420 na 416, ina kromiamu kidogo na huungua kirahisi katika mchanganyiko unaoifaa 304. Daraja la 303, linalopendwa na mafundi wa tanuri za kukerezea kwa sababu lina salfa na linakatika vizuri, hutoka na vijishimo na weusi kwa sababu asidi huzifuata chembe za salfa na kubaki humo. Kuchanganya madaraja katika pipa moja, vipande vikigusana, ni kutengeneza betri: kimoja kitaliwa kwa niaba ya kingine. Na bati lililouzwa kama 304 linaweza lisiwe 304. Wengi hupima kwa sumaku, lakini daraja la 201, lenye manganisi nyingi na nikeli kidogo, nalo halivutwi na sumaku likiwa bati la kawaida. Sumaku inakataa baadhi ya udanganyifu, haithibitishi ukweli.

Uso ulioliwa haurudishwi kwa kuogeshwa tena. Unasagwa, unang'arishwa upya, ndipo pasivesheni inaanza mwanzo.

Madoa meupe na yanayovuja

Madoa meupe ni afueni. Mara nyingi ni chokaa ya maji magumu iliyobaki matone yalipokaukia juu ya chuma. Weka tone la siki. Likiyeyuka, umepata jibu. Suuza kwa maji laini na kausha mara moja kwa kitambaa safi badala ya kuacha jua likaushe.

Michirizi ya manjano au kahawia inayotiririka kutoka chini ya tundu, uzi wa skrubu au mkunjo wa bati hutokana na asidi iliyojificha ndani ikaanza kutoka polepole. Kinachosaidia ni kusuuza kwa kugeuzageuza kipande, kuloweka kwa muda katika maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, kusuuza tena na kupuliza kwa hewa. Karatasi ya litmasi ikigusishwa mdomoni mwa tundu itasema kama bado kuna asidi.

Kuna madoa yanayolaumiwa kwa pasivesheni wakati yalitokea kwa mteja. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ikiachwa juu ya stenlesi usiku kucha, hutoboa vijishimo. Na kando ya bahari, 304 iliyo nje huvaa weupe wa chumvi kisha wekundu hafifu kama wa chai hata ikiwa imeogeshwa kwa ufundi wote. Hapo panatakiwa daraja la 316, lenye molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3, au kuoshwa kwa maji baridi mara kwa mara.

Kupima kabla ya kukabidhi

Mafundi wa viwandani hutumia mrututu: maji yenye mrututu na asidi salfuriki kidogo hupakwa juu ya chuma na kuachwa yakiwa mabichi kwa dakika 6. Penye chuma huru patavaa rangi ya shaba. Kiwango chenyewe kinakataza jaribio hili kwenye sehemu zitakazogusa chakula, kwa hiyo kwa vyombo vya maziwa lisitumike. Lililopo kwa kazi hiyo ni la subira tu: kitumbukize kipande katika maji yaliyotoneshwa kwa saa 1, kitoe kikauke hewani saa 1, rudia mara 12. Likitokea doa la kutu, usikabidhi. Siku moja ya kusubiri ni nafuu kuliko gari la kurudisha mzigo.

Alichofanya fundi wetu

Tulimshauri aachane na asidi nitriki kwa kazi hii. Asidi sitriki, ile iliyomo ndani ya ndimu na inayouzwa ya unga kwa watengeneza vinywaji, inakubalika katika kiwango hichohicho: asilimia 4 hadi 10 kwa uzito, nyuzi 21 hadi 49, kwa angalau dakika 20. Gramu 500 katika lita 10 za maji safi zinaingia ndani ya kipimo. Haitoi moshi, ingawa macho na mikono bado vinahitaji kinga. Kasoro yake ni kwamba ikihifadhiwa hufanya ukungu, basi ichanganywe ya kutosha kazi ya siku.

Anayelazimika kutumia nitriki akumbuke kwamba moshi wa kahawia unaopanda kutoka kwenye pipa ni naitrojeni dayoksaidi. Mtu anaweza kuuvuta, akajiona mzima, kisha mapafu yakajaa maji saa nyingi baadaye. Kazi ifanyike mahali pa wazi, asidi imiminwe ndani ya maji na si maji ndani ya asidi, na isifutwe kwa vumbi la mbao au matambara, maana yanaweza kuwaka. Isichanganywe kamwe na asidi ya vigae, kwa kuwa zikikutana hutoa gesi ya klorini. Iliyokwisha kazi isimwagwe mtaroni. Ina kromiamu na nikeli. Iuliwe nguvu polepole kwa chokaa au magadi, na tope linalobaki chini lihifadhiwe kama taka ya sumu, mbali na kisima.

Fundi aliliweka kando lile pipa. Alinunua diski mpya na kuiandika kwa rangi "stenlesi tu", akasaga mishono hadi rangi ya moto ikaisha, akang'arisha vifuniko vyote upya, akaviosha grisi hadi maji yakatandaa. Maji alikinga ya mvua ya masika. Baada ya dakika 30 katika asidi sitriki na saa 24 za kulowesha na kukausha, vifuniko tisa havikuwa na doa. Vitatu vilirudia kutoa kutu katika mstari uleule, karibu na bawaba. Alipovikagua aliona kwamba bawaba zenyewe, alizonunua zikiwa tayari, zinanasa kwenye sumaku kama msumari. Amezikata na sasa anatafuta nyingine.